Kimya cha Lea

Jumanne, 3 Juni

Mwalimu Matonya amenipa daftari hili jipya akaniambia, "Mama Ruthu, wewe ndiye katibu wa mashabiki, uwe unaandika mihtasari ya vikao." Nimelipokea kwa mikono miwili. Vikao vyenyewe ni sisi kukaa juu ya magunia baada ya kazi na kubishana mpaka mmoja akumbuke hajapika. Muhtasari wa hayo ni upi? Nitaandika ninavyoona mimi, na Mwalimu akiliulizia nitamwambia limeliwa na panya. Kwa maghala haya atasadiki.

Naitwa Frida. Kazi yangu ni kushona midomo ya magunia ya mahindi hapa sokoni Kibaigwa. Mume wangu Sila ni dalali, ila hakuna anayemwita Sila, wote wanamwita Baba Ruthu kwa jina la binti yetu. Timu yetu ya mpira wa pete ni Sokoni Queens, na kocha ni huyo huyo Mwalimu Matonya. Tumefika fainali ya Kombe la Mavuno mara tatu, na mara zote tatu tumerudi mikono mitupu. Mara mbili waliotufunga ni Bahi, ambao wakishinda hutupikia wali uwanjani na kutuuliza kama tunakijua chakula hicho.

Nahodha na mfungaji wetu ni Lea. Habari zake kesho, leo mkono umechoka na sindano.

Jumatano, 4 Juni

Lea anauza uji wa ulezi langoni mwa soko, na mtu asiyepita kwake asubuhi huyo bado hajafika kazini. Ana miaka thelathini na mitano. Huu ni msimu wake wa kumi na mbili na amesema ni wa mwisho, goti la kulia limekataa. Amefunga mabao ambayo hakuna anayejua idadi yake, na hajawahi kushika kombe, hata la plastiki. Nataka alishike mwaka huu. Nikisema nataka, maana yangu ni kwamba nalala nalo na kuamka nalo.

Sasa utaratibu wetu. Sisi mashabiki tunapiga makopo ya maziwa ya unga yaliyotiwa punje za mahindi. Tukiwa watu mia mbili huwezi kumsikia aliye ubavuni pako. Lakini mpira ukifika kwa Lea chini ya goli, mimi nainua mkono na makopo yote yanakata kelele. Ni ombi lake la msimu wa kwanza: "Dada Frida, zile kelele zinaniingia mikononi." Basi tunampa kimya. Anafuta kiganja kwenye sketi, anainua mpira, anatumia sekunde zote tatu anazoruhusiwa na sheria, ndipo anaachia. Wilaya nzima wanakijua, wanakiita kimya cha Lea. Mkono unaokileta ni wangu, na sitajifanya sioni fahari.

Jumamosi, 7 Juni

Iddi. Hakuna mechi. Abdulwahab, yule mfanyabiashara wa alizeti anayetoka Kolo, ametuletea pilau. Aliyebeba sahani ni mpwa wake Sabrina, miaka kumi na tisa, amekuja kukaa kwa mjomba. Ilibidi ainame ili apite mlangoni. Aliniamkia vizuri sana. Baba Ruthu hata pilau hakuitazama, alitazama urefu.

"Mwanangu, mpira wa pete unaujua?"

"Nacheza, baba. Mfungaji."

Nikaona mume wangu anatabasamu peke yake mpaka jioni.

Jumatatu, 9 Juni

Mazoezi yanafanyika kwenye maegesho ya malori, kando ya barabara ya Dar, kwa sababu ndipo palipo na sakafu. Malori ya Fuso yananguruma, matingo wao wanaitana wakipakia, honi moja kwa moja. Sabrina alikaza mtandio wake kisogoni, akapewa mipira ishirini, akatia ishirini. Mwalimu alikuwa anaandika kitu, kalamu ikasimama.

"Hilo kombe," akasema Baba Ruthu.

Nikamwambia hayo ni mazoezi.

Jumanne, 10 Juni

Baridi. Vidole havishiki sindano.

Jumamosi, 14 Juni

Mechi ya kwanza, uwanja wa shule ya msingi, dhidi ya Kongwa. Lea kacheza mwanzo mwisho, tumeshinda 33 kwa 25. Kimya kilikuwa safi. Baada ya mechi alikaa chini akavua kiatu, akakaa muda mrefu kabla ya kuvua cha pili. Nilijifanya sijaona.

Jumatano, 18 Juni

Tumegombana na Baba Ruthu mezani. Kasema Mwalimu amwanzishe Sabrina. Nikasema Lea ndiye aliyetufikisha tulipofika.

"Mama Ruthu, wewe unashabikia timu au unamshabikia Lea?"

"Timu ni Lea."

"Basi akistaafu tugawane makopo twende nyumbani."

Nikaondoa bakuli la mlenda mbele yake. Kala ugali mkavu na hakuomba msamaha, na mimi sikurudisha bakuli.

Jumamosi, 21 Juni

Mwalimu kamwanzisha Sabrina dhidi ya Chamwino. Nikasema haya, huyu naye avaaye kizibao cha mfungaji apewe heshima ile ile. Mpira ulipomfikia nikainua mkono. Makopo yakakata. Binti akasimama katikati ya kimya kile, akatutazama, akapiga, ukagonga chuma. Mara ya pili hivyo hivyo. Robo ya tatu Lea akaingia, tukashinda kwa mabao matatu.

Nilifurahi. Naandika nilivyofurahi kwa sababu daftari ni langu.

Jumatatu, 23 Juni

Mazoezini Sabrina katia ishirini kwa ishirini tena. Hakuna anayeelewa. Upepo umeanza, vumbi mpaka ndani ya chungu.

Jumamosi, 28 Juni

Kondoa. Mwalimu anasema Sabrina atazoea: kaanza, kakosa, Lea kaingia, tumeshinda. Baba Ruthu anasema yule binti ana mikono miwili tofauti, wa mazoezi na wa mechi, na wa mechi kausahau Kolo.

Alhamisi, 3 Julai

Leo nina jambo.

Nilikuwa ghalani peke yangu, magunia kama hamsini yakinisubiri. Sabrina akaingia. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Karibu." Bila kuambiwa akachuchumaa, akanishikia mdomo wa gunia nikashona. Tumeshona manne hivyo kabla hajafungua kinywa.

"Mama, nina ombi. Jumamosi nikishika mpira, naomba msinyamaze."

"Kwa nini?"

"Kolo goli letu liko nyuma ya mashine ya kusaga ya bibi. Inanguruma kutwa. Pale ndipo nilipojifunzia. Kukiwa kimya namna ile nausikia moyo wangu mwenyewe, na mikono inaganda."

Kumbe. Malori, honi, ishirini kwa ishirini. Mambo yote yalikaa sawa kichwani mwangu kwa mara moja, na badala ya kufurahi niliingiwa na hofu. Nilijua akipigiwa makopo hatakosa. Asipokosa, Lea hataingia tena.

"Mwanangu," nikamwambia, "huo ndio utaratibu wetu hapa. Kila mfungaji tunampa. Utazoea."

Kila mfungaji! Kwa miaka kumi na mmoja mfungaji amekuwa mmoja tu. Nilimdanganya mtoto wa watu huku amenishikia gunia.

"Umemwambia Mwalimu?"

"Hapana, mama. Nimeona nianze kwako, kwa sababu mkono ni wako."

Akasema asante, akaondoka. Asante ya nini, sijui. Nimekuja nyumbani nimepika, nimekula, nimemjibu Baba Ruthu vizuri mpaka akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 5 Julai

Manchali. Nimeinua mkono. Kakosa. Lea kaingia, tumeshinda.

Jumatatu, 7 Julai

Lea anamfundisha Sabrina kufuta kiganja kwenye sketi. Kila asubuhi anamwekea kikombe cha uji, kile cha bluu, ambacho kilikuwa changu. Nimekunywa kwenye cha kijani.

Jumamosi, 12 Julai

Robo fainali. Nimeinua mkono. Kakosa. Lea kaingia, tumeshinda. Upepo mkali.

Alhamisi, 17 Julai

Baba Ruthu kaniuliza mbona siku hizi tukishinda sichezi. Nikamwambia miguu.

Jumamosi, 26 Julai

Nusu fainali, dhidi ya Mpwapwa. Niandike yote.

Asubuhi nilijiambia leo sitainua mkono. Nilijiambia nikioga, nikajiambia nikifunga kilemba. Mechi ikaanza, Sabrina akapokea mpira, nikamwona Lea benchi ameshika goti lake, amevaa sketi aliyoipiga pasi vizuri, na mkono ukaenda juu. Siwezi kusema ulikwenda wenyewe. Niliupeleka.

Sabrina alikosa mipira mitano. Ule wa tano hakutazama goli, alinitazama mimi. Watu wetu wakaanza kuguna. Mtu mmoja nyuma yangu akasema arudishwe Kolo akachunge mbuzi, na mimi niliyejua sababu sikugeuka.

Lea akaingia tukiwa nyuma kwa mabao sita. Haijawahi kutokea mechi kama ile. Kila akipokea, kimya. Anafuta kiganja, sekunde tatu, wavuni. Dakika ya mwisho aliruka kuudaka mpira wa juu, akatua vibaya, akasimama kwa mguu mmoja akafunga hivyo hivyo. 32 kwa 31. Watu walilia. Baba Ruthu alimkumbatia mtu wa Mpwapwa kwa makosa.

Tumefika fainali, na ni Bahi tena. Lea wamemtoa uwanjani wamembeba.

Jumapili, 27 Julai

Kanisani wengine walipopiga magoti Lea alibaki ameketi.

Jumatatu, 28 Julai

Langoni mwa soko hakuna uji. Watu wanafika wanasimama pale pale palipokuwa na chungu, wanaangalia chini, wanaendelea na safari.

Jumanne, 29 Julai

Abdulwahab kamwambia Baba Ruthu kwamba Sabrina anataka kurudi kwao Kolo. Hajaeleza sababu, amesema tu mpira wa huku umemshinda. Baba Ruthu aliporudi alikuwa mnyonge, hata redio hakuwasha. "Lea hawezi kusimama, na binti anaondoka," akasema. "Jumamosi ya tarehe tisa tutampeleka nani? Mwalimu mwenyewe?"

Nikagundua kitu kinachoninyima usingizi. Yule binti hajamtaja mtu. Ana jina langu mdomoni tangu tarehe tatu na amelimeza.

Jumatano, 30 Julai

Nimekwenda kwa Lea. Nilimkuta kwenye kigoda, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, goti limefungwa kitambaa cha maji ya moto.

"Dada Frida, karibu. Chai ipo."

Nikakataa chai, jambo ambalo sijawahi kulifanya nyumbani kwake, akajua kuna neno.

"Lea, yule mtoto hakosi. Mimi ndiye ninayemkosesha."

Nikamweleza yote: mashine ya kusaga, gunia, uongo wangu, mkono wangu.

"Alikuja kukuomba lini?"

"Tarehe tatu."

"Tangu siku hiyo tumecheza mechi ngapi?"

"Tatu."

"Tatu," akasema, akaweka kiganja juu ya kile kitambaa. "Na zote tatu nimeingia mimi, na goti hili."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nasema kweli mbele ya Mungu. Nilimfikiria Lea usiku na mchana kwa wiki nne, na goti lake sikuliweka kwenye hesabu.

"Nilikuwa nakupigania wewe," nikasema.

"Ulinipigania nini? Mimi nilikuwa nangoja mtoto azoee ili nikae. Kila Jumamosi naingia kuokoa jahazi, najiambia ndiyo kazi yangu ya mwisho hiyo, nashukuru. Kumbe naokoa ulichokiharibu wewe makusudi."

"Nilitaka ulishike kombe, Lea."

"Na mimi nalitaka. Nalitaka kuliko wewe, dada. Ndiyo maana nimekasirika hivi."

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Kisha akaniambia, "Nenda nyumbani. Leo sina maneno mazuri ya kukupa." Nikaenda.

Alhamisi, 31 Julai

Nimepita mbele ya nyumba ya Lea mara mbili. Mara zote mbili alikuwa nje. Hajanisalimu.

Ijumaa, 1 Agosti

Nilingoja Abdulwahab atoke msikitini, nikamfuata nyumbani kwake. Mkoba wa Sabrina ulikuwa mlangoni umefungwa tayari.

Mimi ni mtu wa kuamkiwa. Nina miaka hamsini na mmoja, nina binti chuo kikuu Dodoma. Kumwomba radhi mtoto wa miaka kumi na tisa mbele ya mjomba wake ni kazi ngumu kuliko kupakia semi trela. Nimeifanya. Sikupunguza neno. Abdulwahab alitazama mkeka muda wote, kwa adabu yake, ili asiuone uso wangu.

Sabrina akasema, "Mama, yameisha."

"Hayajaisha. Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja wangesema mgeni amekuja kuwagombanisha. Halafu dada Lea asingenipa tena uji."

Tulicheka wote, hata mjomba. Nikamwambia kile kikombe cha bluu ni chake kabisa, sina kinyongo. Akaniondolea macho akatazama mkoba, kisha akaupeleka ndani.

Jumamosi, 2 Agosti

Kikao, na hiki nakiandika kama katibu. Mwalimu alikuwepo, Baba Ruthu alikuwepo, mashabiki tulijaa ghala. Nikasimama nikakiri. Nikawaambia fainali anacheza Sabrina, na akishika mpira hakuna kunyamaza, tupige mara mbili ya kawaida. Wote wakasema sawa. Nyumbani Baba Ruthu aliniletea bakuli la mlenda yeye mwenyewe, akaliweka mbele yangu. Baada ya miaka ishirini na sita najua maana yake.

Lea hakuja kikaoni.

Jumatatu, 4 Agosti

Lea hajanisalimu.

Jumatano, 6 Agosti

Uji umerudi. Nimekunywa, amenipa, hajanisalimu.

Jumapili, 10 Agosti

Jana sikuandika. Leo baada ya kanisa nimekaa kuandika, na hakuna atakayenitoa hapa.

Fainali ilikuwa mjini Dodoma. Mji umejaa watu wa Nane Nane, na wengi wao walikuja kutazama. Bahi walikuja na sufuria yao ya wali na mwiko mrefu kama jembe. Sisi mia mbili na ushee na makopo yetu. Sabrina akaanza. Lea alikuwa benchi na tisheti ya unahodha, goti limefungwa.

Mpira ukamfikia Sabrina. Mkono wangu niliukalia, kweli kabisa, niliuweka chini ya paja. Na bado makopo yakakata. Yote. Watu mia mbili walionikubalia Jumamosi ghalani waliona mpira uko chini ya goli letu, na mikono yao ikakumbuka miaka kumi na mmoja. Nikapiga kopo langu peke yangu. Mzee mmoja anayepima magunia mizanini akanishika bega: "Mama Ruthu, nyamaza, utamkosesha mtoto." Nikamwambia tulikubaliana. Akasema, "Ah, kweli," na mara iliyofuata akanyamaza tena. Baba Ruthu mwenyewe, mume wangu wa ndoa, kopo alilibana kifuani asilipige. Nilipiga kelele nikawaambia pigeni, pigeni, wakapiga mpira ukiwa umeshapotea.

Mapumziko Bahi 19, sisi 13. Mwiko ulikuwa juu unacheza.

Robo ya tatu ikaanza vile vile. Sabrina akapokea, kimya, akakosa. Hapo nikamwona Lea anasimama. Nikadhani anaomba kuingia, na moyo wangu, naandika kweli, moyo wangu haukufurahi. Nilisema kimoyomoyo, Lea mama yangu, usiingie. Mimi, Frida.

Hakumwendea Mwalimu. Alitembea akichechemea mpaka kwetu, kwenye mstari wa mbele, akaninyooshea mkono bila kunisalimu. "Lete kopo." Nikampa. Akasimama pale, ametupa mgongo, anatazama goli. Mpira ukarudi kwa Sabrina. Makopo yakakata kwa mazoea, na ndani ya kimya hicho, kimya chake mwenyewe, Lea akainua kopo juu ya kichwa na kulitikisa kwa nguvu zote.

Ilichukua kama nusu sekunde. Kisha watu mia mbili wakamfuata. Sijawahi kusikia kelele zile. Sabrina alipiga bila hata kufuta kiganja, na ukaingia. Wa pili ukaingia. Wa tatu ukaingia, akacheka peke yake pale chini ya goli. Kuanzia hapo hakukosa tena, naapa, na Lea hakushusha lile kopo.

Imebaki dakika moja, sisi 36, Bahi 35, mchezaji wao mmoja akateguka mguu, mwamuzi akasimamisha mchezo. Sabrina akavua kizibao cha mfungaji. Akaja nacho mpaka kwa Lea, akakishika kwa mikono miwili akampa. Msimu wa mwisho, dakika ya mwisho. Mwalimu aliona, akafungua mdomo, akaufunga. Baba Ruthu alijifunika uso na kofia. Kila mtu alitaka vyote viwili, Lea amalizie na kombe lije.

Lea alikitazama kile kizibao. Akakipokea. Akamvalisha Sabrina tena kwa kukipitisha kichwani, akamfungia kamba kiunoni, akamshika mabega akamgeuza. "Nenda. Mimi nina kazi hapa." Akachukua kopo.

37 kwa 35. Filimbi.

Wakati wa kukabidhi, nahodha akaitwa. Lea akapanda jukwaani kwa kuchechemea, makopo yanapigwa, Bahi wanagawa wali wao kwa kila anayepita kwa sababu wameupika mwingi. Akasimama mbele ya lile kombe. Akalitazama tu, hajalishika. Nilikuwa nalia nimepoteza kabisa akili. Nikasikia mtu ananivuta mkono wa gauni, ni Sabrina, kizibao bado kiko mwilini.

"Mama," akaniambia, "mkono wako."

Nikauinua. Makopo yakakata, yote kwa pamoja, na watu wa Bahi nao wakanyamaza bila kuambiwa. Lea akanitafuta kwa macho kwenye watu mpaka akaniona. Akafuta kiganja kwenye sketi. Akalishika kombe, akaliinua, akatumia sekunde zake tatu zote. Nilizihesabu. Ya tatu ilipokwisha nikashusha mkono.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefika sokoni asubuhi, baridi bado ipo. Lea kanimiminia uji.

"Umeamkaje, dada Frida?"

"Nimeamka salama, mdogo wangu."

Nilikunywa vikombe viwili ili nisiondoke upesi. Sabrina alikuwa pale na kikombe chake cha bluu, habari za Kolo hazitajwi tena. Kombe liko ofisi ya mizani, wapakiaji wanapita kulichungulia na kutoka.

Mwalimu Matonya kauliza daftari la mihtasari. Nimemwambia panya.

Kabla sijaenda ghalani nikamwomba Lea anirudishie kopo langu. Amekataa. Amesema mimi ninao mkono, kopo la nini, na kwamba mwakani hilo kopo atakaa nalo yeye, mstari wa mbele, kando yangu.